Marafiki wa Ayubu bado wapo msibani

Dereva wa malori ya Zambia na Kongo hahitaji kuambiwa habari za mteremko wa Senjele. Anayeujua hushuka na gia nzito, taratibu, huku utingo akiangalia moshi wa breki kwenye kioo. Asiyeujua, au aliyechoka kwa kuwa tajiri wake anataka mzigo ufike Tunduma kabla ya alfajiri, au ambaye breki zake zilipaswa kubadilishwa mwezi uliopita, huyo ndiye tunayemsikia redioni. Baada ya hapo habari hufika Mlowo, Vwawa au Mbeya mjini. Turubai linafungwa uani, viti vya plastiki vinapangwa, kina mama wanakoka moto wa kupikia waombolezaji, na maneno yale yale yanaanza kusemwa: siku yake ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa, Mungu kampenda zaidi.

Sina ugomvi na mfiwa anayesema hivyo. Ugomvi wangu ni na sisi wengine tulioketi kwenye viti vya plastiki.

Ayubu alipopoteza mifugo, watumishi na watoto wake kumi kwa siku moja, alikiri kwamba Mungu aliyempa ndiye aliyechukua. Alikuwa akisema juu ya watoto wake mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe. Maneno hayo hayo yakitoka kwa jirani ambaye watoto wake wote wako nyumbani wanakula, yanakuwa kitu kingine. Na ajabu ya kitabu kile ni kwamba marafiki watatu wa Ayubu walianza vizuri kuliko sisi: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Ile ndiyo kazi pekee njema waliyofanya. Walipofungua midomo wakaanza kumweleza sababu, kwamba lazima kuna dhambi mahali, kwamba Mungu hakosei hesabu, na wakaendelea sura kwa sura. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea, na kumkubali Ayubu aliyelalamika tangu sura ya tatu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya uvumilivu wa Ayubu. Juu ya hukumu ya marafiki zake nimesikia machache mno, labda kwa sababu wahubiri wengi tumeketi upande wao.

Hata Yesu mwenyewe alizungumzia ajali ya namna ya Senjele. Mwinjili Luka anasimulia kuhusu mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18 Yerusalemu. Watu walitaka kusikia kwamba wale 18 walikuwa na deni kubwa kuliko wengine, ili kila mmoja aende zake akiwa na amani. Hakuwapa amani hiyo. Alisema wale hawakuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa mji, kisha akawageuzia wasikilizaji swali: ninyi mnaishije? Katika Injili ya Yohana, wanafunzi wanapomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanauliza kama vile wako kwenye baraza la kijiji: nani ametenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu anakataa yote mawili.

Wapo wanaoisoma sehemu inayofuata kana kwamba Mungu alimpofusha mtu yule tumboni ili baadaye apate nafasi ya kujionyesha. Mimi siwezi kuisoma hivyo. Ninachokiona ni kwamba wanafunzi waliangalia nyuma kutafuta chanzo, naye akaangalia mbele, kwenye kazi ya kufanywa kabla usiku haujaingia. Halafu akainama, akatema mate chini, akakanda tope kwa mkono. Kama kuna mafundisho ya Kikristo juu ya maana ya shida, kwangu yanaanzia kwenye tope lile. Shida haiji ikiwa na maana yake mfukoni. Maana yake inategemea nani atainama na atafanya nini.

Najua hili ni gumu kukubalika, kwa sababu mtu aliyeumizwa hawezi kukaa na swali tupu. Na hapa kwetu swali tupu halikosi wauzaji wa majibu.

Jibu la kwanza ni la zamani: kuna mtu amefanya. Katika baadhi ya vijiji vya mkoa wetu wa Songwe, mvua ikikataa, watoto wakifululiza kufa au mifugo ikidhoofika, kijiji huchangishana na kuwaita lambalamba, waganga wanaodai kwamba wanaweza kunusa uchawi uliofukiwa na kuufukua mbele ya umati. Serikali imewapiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi wamerudi. Ngoma inapigwa, nyumba inaingiwa, pembe na vitambaa vyeusi vinatolewa chini ya kitanda, na karibu kila mara mwenye nyumba ni mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, asiye na mtoto wa kumtetea. Jambo hili si geni ukanda huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijana waliovaa mavazi ya kisasa walitokea Nyasaland wakipita Rhodesia ya Kaskazini na kuingia Tanganyika, wakiuza dawa iliyoitwa mchape, na watu wa vijiji vizima walipangwa mstari waonwe kwenye kioo nani ni mchawi. Miaka ile bei ya mazao ilikuwa imeanguka duniani kote na kodi iko pale pale. Hakuna kioo kilichoonyesha hilo.

Jibu la pili ni jipya zaidi na lina vipaza sauti: shida yako ni imani ndogo, panda mbegu. Wanaouza jibu hili huwa hawasemi kwamba Mungu amekuadhibu. Wanasema baraka yako imekwama njiani, kama kontena lisilo na nyaraka, na kwamba sadaka ndiyo nyaraka. Tunduma, mji wa mpakani ambako karibu kila mtu anasubiri kitu kivuke, lugha hiyo inaingia masikioni bila kugonga. Sitaki kuwacheka wanaoifuata. Mama aliyemaliza akiba yake kwa vipimo, akaambiwa arudi wiki ijayo na pesa nyingine, hana sababu ya kukataa chupa ndogo ya mafuta. Februari 1, 2020, katika mkutano wa injili kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Miaka mitatu baadaye, upande wa Kenya, msitu wa Shakahola ulifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa, ya watu walioambiwa kwamba njaa yenyewe ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Wale wa Moshi waliambiwa shida si sehemu ya Mkristo, na hawa wa Shakahola waliambiwa shida ni tiketi yake. Pande zote mbili mhubiri alikuwa na maelezo kamili, bila tundu hata moja.

Jibu la tatu ni letu sisi wa makanisa ya zamani, na ndilo linalonisumbua zaidi kwa kuwa linasemwa kwa upole. Lakini tulilitoa kwa sauti kubwa katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unateremka na barabara kuu.

Tunduma ilikuwa kituo cha malori, na malori yalisubiri siku nyingi kuliko leo. Nyumba za wageni zilijaa. Wasichana walikuja kutoka Ileje, Rungwe, Makete na upande wa pili wa mpaka kuuza chakula, kuuza bia, kutafuta maisha. Kisha watu wakaanza kukonda, na kila aliyekonda aliacha nyumba yenye watoto. Mimbarani tulikuwa na neno moja tayari: adhabu. Lilisemwa mbele ya majeneza. Lilisemwa mbele ya watoto waliokaa mstari wa mbele wakiwa na sare za shule. Hesabu yake haikuingia akilini hata kwa mtoto, maana mke aliyebaki Mbozi akipalilia kahawa aliugua pia, na kichanga naye aliugua, na hao hawakuwa wamelala nyumba yoyote ya wageni. Lakini neno liliendelea kusemwa, kwa sababu lilitufanya sisi tuliosimama tujione tumesimama kwa haki.

Wakati huo huo kulikuwa na watu wengine kanisani ambao hawakupewa nafasi ya kuhubiri. Wengi wao ni wanawake. Walienda na sabuni na uji. Walifua mashuka ambayo ndugu wa damu walikuwa wakiyashika kwa fimbo. Walimgeuza mgonjwa upande, wakamkata kucha, wakampigia soga juu ya mahindi na majirani. Bibi mwenye miaka 60, aliyedhani amemaliza kulea, alianza upya na wajukuu wanne. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wengi wa waliofikishwa kliniki wakiwa bado hai walifikishwa na mikono ya namna hiyo. Ukimuuliza bibi kama huyo kwa nini Mungu aliruhusu, atakuambia hajui, kisha atakuuliza kama umekula. Nimesoma vitabu kadhaa vya wanateolojia juu ya mateso, vingine ni vizuri sana. Sijakuta ndani yake kitu kilichozidi hapo.

Kwa kanisa la Moravian, ambalo ndilo lililopanda Ukristo wa kwanza Mbozi mwishoni mwa karne ya 19 baada ya kufika Rungwe mwaka 1891, hili lilipaswa kuwa rahisi kukumbuka. Ni kanisa la wakimbizi. Jan Hus, ambaye Wamoravian humhesabu kuwa baba, alichomwa moto Konstanz mwaka 1415. Askofu wao mashuhuri Comenius alifukuzwa nchini kwake, na mwaka 1622 tauni ikamchukua mke wake na watoto wao wawili. Mwaka 1656 mji wa Leszno alikokuwa amehamia ukateketezwa na vita, na maandishi yake ya miaka mingi yakaungua, likiwemo kamusi alilolifanyia kazi tangu ujana. Alikuwa na umri wa miaka 64. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu cha picha cha kufundishia watoto kusoma, ambacho walimu wa Ulaya walikitumia kwa zaidi ya karne moja. Sisemi Mungu alichoma kamusi ili watoto wapate picha. Mtu akisema hivyo mbele yangu nitamwomba akae chini. Ninasema tu kwamba baada ya moto, mzee yule alitafuta wino.

Karibu na nyumbani kuna mfano ninaoupenda zaidi. Mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulipitisha mpaka katikati ya Unyamwanga, ndugu hawa wakabaki huku na wale kule. Upande wa Waingereza, jirani na Nakonde ya leo, wamisheni wa Kiskoti walikuwa na kituo cha Mwenzo. Ilipofika Vita ya Kwanza ya Dunia, eneo hili lilikuwa mstari wa mbele. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kuingia upande wa Wajerumani, na wamisheni wa Kijerumani wakakamatwa. Vijana wa pande zote mbili walibebeshwa risasi na unga, kwa mamia ya kilomita. Wapagazi waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Kisha mwishoni mwa 1918 mafua yakaua wengine kati ya waliorudi.

Kanisa la Mbozi halikufa. Kwa karibu miaka kumi lilibebwa na walimu wenyeji, na Waskoti wa Livingstonia wakija kusaidia. Kule Mwenzo walimu Wakristo akina Donald Siwale, Peter Sinkala na David Kaunda, baba yake Kenneth aliyekuja kuwa rais wa Zambia, walikuwa wameunda chama cha ustawi mwaka 1912. Vita ilikivuruga, na mwaka 1923 Siwale akakifufua. Walikutana, wakaandika, wakalalamikia kodi ambayo watu waliotoka kwenye vita hawakuweza kuilipa. Waliwaandikia maofisa kwa adabu, kama Wakristo waliofundishwa kusoma na watu wa dola ile ile.

Nautaja mfano huu kwa sababu hapa ndipo wasomaji wengi wasioamini wananisubiri, na wana haki. Watasema: ukimwambia maskini kwamba shida yake ina maana, umempa tajiri wake usingizi mzuri. Ni kweli imetumika hivyo. Wapo wachungaji wanaoubatiza kila mzigo jina la msalaba. Lakini msalaba, tangu ule wa kwanza, ni kitu mtu alichoweza kukikwepa na hakukikwepa kwa ajili ya mwingine. Mkulima wa Momba anayelazimishwa kujaza lumbesa, gunia la kupita kipimo, hana msalaba, ana mtu anayemwibia. Dereva anayelala chini ya tela siku ya nne kwa sababu mfumo wa forodha umegoma, miaka kadhaa baada ya marais Magufuli na Lungu kufungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde Oktoba 2019, naye hana msalaba. Ana mtandao mbovu. Breki za Senjele vilevile. Yakobo katika waraka wake anasema ujira waliopunjwa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika mbinguni. Siwale na wenzake walielewa hivyo: walivumilia kisichoweza kuondolewa, na kilichoweza kuondolewa walikiandikia barua. Mchungaji anayemzika dereva Jumamosi anaweza kabisa, Jumatatu, kwenda na wazee wake ofisini kuuliza habari za ukaguzi wa magari. Hilo nalo ni ibada ya mazishi, sehemu yake ya pili.

Kuna jambo moja gumu zaidi, nalo halina mkosaji wa kuandikiwa barua.

Februari 29, 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kati ya hekta takribani milioni 2.2 zilizopandwa mahindi, kama milioni moja zilikuwa zimeungua, zaidi kusini, kati na magharibi mwa nchi ile. Upande wetu mvua ilinyesha. Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na njia ya kwenda huko ni hii hii ya Tunduma. Songwe ni mkoa wa mahindi. Fikiria mkulima wa Mbozi au Momba ambaye miaka miwili mfululizo alikuwa na deni la mbolea, akaomba, akafunga, akaomba tena apate soko. Soko likaja. Jumapili anasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amejibu, na kanisa linapiga makofi.

Je, amekosea? Sidhani. Mtoto wake alikuwa amerudishwa kutoka shule, sasa amerudi darasani, na shukrani ni haki. Lakini jibu la ombi lake limepita katika shamba lililokauka la mtu wa Choma au Monze ambaye naye ni Mkristo, naye aliomba, naye alifunga. Ukisema Mungu alikausha huko ili abariki huku, umemfanya Mungu dalali. Na ukimwambia yule wa Monze kwamba imani yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtu wa Momba, umerudi kwenye kiti cha marafiki wa Ayubu, safari hii ukiwa na pesa mfukoni. Maelezo yoyote utakayoyashika, yanakatika hapo mpakani.

Kitabu cha Matendo kina kisa cha njaa kama hii. Nabii aitwaye Agabo alifika Antiokia akasema njaa kubwa inakuja. Mtu angetegemea Wakristo wa Antiokia waulize nani amemkosea Mungu, au waanze kununua na kuhifadhi wakisubiri bei. Luka anaeleza kwamba walikubaliana kila mmoja atoe kadiri ya uwezo wake, ipelekwe kwa ndugu wa Uyahudi, na wakawakabidhi Barnaba na Sauli wapeleke. Ni habari fupi mno, mistari michache. Hakuna teolojia ya njaa ndani yake; kuna kiasi, wapokeaji na majina ya wapelekaji. Paulo aliendelea na mchango wa namna hiyo kwa miaka, akiwabembeleza Wakorintho wenye uwezo kwa kuwatajia Wamakedonia waliotoa wakiwa wenyewe hawana.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa sharika za Songwe ni dogo. Sadaka ya mavuno kwa kawaida hubaki nyumbani: inanunua mabati, inalipa deni la spika, inamlisha mchungaji. Mwaka ambao bei imepandishwa na njaa ya jirani, sehemu yake ivuke. Wamoravian wana ndugu Zambia, na kazi ya kanisa lao huko ilianzishwa na watu waliovuka kutoka kwetu. Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste nao wana wenzao. Sipendekezi kupeleka magunia, maana sadaka ya mahindi itadaiwa kibali cha kusafirisha nafaka kama mahindi mengine yoyote, na itaoza Mpemba ikisubiri muhuri. Ipelekwe fedha. Tunduma watu wanabadilisha shilingi na kwacha barabarani tangu asubuhi. Mtunza hazina wa usharika hatakosa njia halali. Apewe mtu wa pili wa kuongozana naye, kama Antiokia walivyofanya, na wakirudi wasome hesabu mbele ya ibada, pamoja na majina ya vijiji walikofika.

Huku kwetu mavuno yanaanza kuonekana Mei. Wazee wa kanisa wana muda wa kutosha kukaa na kubishana juu ya kiasi.